Kitalu Changu na Sumu Isiyokuwepo

Jumatatu, 3 Machi

Siku ya kwanza ya mazoezi ya kufundisha. Nimefika kwa wakati. Karibu kwa wakati. Kosa ni la Bosi. Bosi ni mwanangu: meno mawili, nywele chache, amri nyingi. Alikataa kuachia ziwa mpaka kengele ya shule ikasikika hadi chumbani kwetu. Nimekimbia kiatu kimoja kikiwa hakijafungwa.

Mama mkwe kanisindikiza mlangoni, mtoto begani. Kaniambia, kwa ule upole wake unaotisha, kwamba mjukuu atamlea muhula huu na atamlea kwa moyo mweupe. Lakini muhula ukiisha anarudi kwake, kuku wake wameshaanza kumsahau. Nisimtegemee mwakani. Nimemwelewa vizuri sana. Nikifeli, nitatakiwa kurudia mazoezi mwakani, na mwakani hakuna wa kubaki na Bosi. Ualimu kwaheri. Nitabaki na nusu cheti na mtoto mzima.

Basi sifeli. Nimeamua.

Ofisi ya walimu. Viti vyenye mgongo vimeisha! Cha mwisho kakikalia mwenzangu wa chuoni, anayefanya mazoezi ya Hisabati. Shati limepigwa pasi mpaka linakwaruza. Tai nyekundu. Nimembatiza Bwana Tai. Mimi nimepewa stuli kando ya kabati la chaki. Kila mtu akifungua kabati, vumbi langu. Nimerudi nyumbani na mgongo mweupe, Bosi akaulamba.

Mkuu wa shule kaniuliza nafundisha nini. Nikasema Kilimo. Kaniangalia kuanzia kilemba hadi kiatu kile kisichofungwa, kisha kauliza kama nimekuja na jembe langu au natarajia kupewa. Ofisi nzima ikaangua kicheko. Bwana Tai ndiye aliyecheka mwisho na kwa sauti zaidi. Na kuanzia hapo ananiita Mama Shamba. Mtu tuliyesoma naye! Mtu niliyemwazimia kalamu!

Lakini nina siri ya ushindi. Mwalimu wa Kilimo wa hapa yuko likizo ya uzazi, na kabla ya kuondoka kaotesha kitalu cha miche ya kabichi nyuma ya madarasa. Miche imefikia kuhamishwa. Mkaguzi kutoka chuoni anakuja Alhamisi ya wiki ijayo. Somo langu: kuhamisha miche. Miche ipo, wanafunzi wapo, mimi nipo. Nani wa kunizuia?

Jumanne, 4 Machi

Somo la kwanza. Kidato cha Kwanza. Wengi, wadogo, macho yote kwangu. Nimeanza na udongo.

Sijamaliza sentensi ya pili, kidole kikapanda dirishani. Binti mwembamba, sauti kavu. Kauliza kwa nini wasomee kulima ilhali hapa shuleni kulima ni adhabu. Ukichelewa, shamba. Ukipiga kelele, shamba. Shati likichomoka, shamba. Kisha kaongeza, kwa adabu zote, kwamba hajawahi kuona mkosaji akiadhibiwa kwa kupewa hesabu za kugawanya.

Nilitaka kumkaripia. Nimemwita Mbishi, kimoyomoyo.

Nikiwa bado natafuta jibu, maziwa yakavuja. Blauzi ya bluu! Nimeinyakua chati ya tabaka za udongo ukutani na kufundisha kipindi kilichobaki nikiwa nimeikumbatia kifuani. Kila nilipotaja udongo wa juu nililazimika kuuonyesha kwa kidevu. Hawakucheka. Watoto hawa wana heshima kuliko ofisi nzima ya walimu.

Baadaye nimewapeleka kwenye kitalu. Miche imesimama, majani mororo, rangi ya kijani yenye vumbi la fedha. Mbishi kapiga magoti, kagusa jani moja kwa ncha ya kidole kama anavyogusa mtu utosi wa mtoto mchanga. Kauliza kama inasikia kiu. Nikasema ndiyo, na haiwezi kulia, ndiyo maana tunaikagua. Nimeridhika na jibu langu. Natamani mkaguzi angelisikia.

Jumatano, 5 Machi

Nimeonewa! Nimeonewa mchana kweupe!

Bwana Tai ni msaidizi wa mwalimu wa zamu wiki hii. Leo kakamata wachelewaji langoni, kundi zima. Kawapeleka wapi? Shambani. Kawaambia wang'oe majani, na akitoka darasani asikute hata moja. Wakatii. Lini wachelewaji waliwahi kutii? Leo! Wameng'oa magugu, wameng'oa nyasi, na wameng'oa kitalu changu chote cha kabichi. Kisha wakafagia. Nimekuta udongo mtupu, laini kama sakafu ya mgeni anayesubiriwa, na miche yangu imerundikwa juani kando ya uzio.

Nimemfuata Bwana Tai ofisini. Kasema niwashukuru vijana, eneo halijawahi kuwa safi vile. Nikamwuliza kama hawezi kutofautisha kabichi na gugu. Kanijibu kwamba yeye ni wa Hisabati, na kwake jani ni jani. Kisha karudi kwenye kiti chake chenye mgongo.

Sikumtupia kabati. Naandika hili ili ijulikane.

Kidato cha Kwanza wamenisaidia kuiokoa miche. Tumeilowesha mizizi, tukatupa iliyokauka, tukairudisha udongoni iliyobaki. Mbishi kaipanga mstari ulionyooka kuliko wa Bwana Tai ubaoni. Tumeitilia kivuli cha nyasi. Sasa inalala chali kama wagonjwa. Ikiachwa bila kuguswa mpaka Alhamisi ya mkaguzi, itasimama. Ikiachwa!

Alhamisi, 6 Machi

Nimekwenda kwa Mkuu, nikiwa mpole kabisa, kuomba wakosaji wasipelekwe kitaluni. Kasema adhabu ya shamba ni ya tangu shule haijapakwa rangi. Kauliza wakosaji wapelekwe wapi basi, nyumbani kwangu? Kasema pia kwamba Mwalimu wa Hisabati ni kijana anayejituma. Yule!

Asubuhi ya leo tu walikuja wengine wawili na majembe. Shati limechomoka. Niliwakimbiza kwa chati ya udongo.

Nimefikiri wakati wa chai, juu ya stuli. Kama sheria haiwezi kuwazuia, woga utawazuia. Mpango umekuja wote mzima, na ni mzuri, na sioni kasoro.

Stoo ya shule ina pampu ya kunyunyizia dawa, mpya kabisa, ndani ya nailoni. Haijawahi kutumika. Hutolewa wageni wakija, ikasimamishwa kwenye picha, ikarudishwa. Nimeichukua. Nimejaza maji. Nikaongeza sabuni ya kuogea ya Bosi, ile isiyochoma macho, ili itoe povu na harufu. Nikasubiri wanafunzi watoke kwa mapumziko. Nikavaa pampu mgongoni, nikafunga kitambaa puani, nikapita kando ya kitalu nikinyunyizia njia, polepole, nikiwa na sura ya mtu aliyeandika wosia.

Kisha bango. Nimelitengeneza kwa boksi la nepi: HATARI! SUMU KALI YA WADUDU! USIGUSE! Na fuvu. Fuvu limetoka na tabasamu, sikuwa na muda wa kulirekebisha.

Mbishi kauliza ni dawa gani. Nikamwambia ni ya kidato cha juu.

Ijumaa, 7 Machi

Ushindi! Wachelewaji leo wamefika kitaluni, wamesoma bango, wamegeuka kama askari. Bwana Tai kawapeleka kufuta madirisha ya ofisi. Moja limepasuka. La upande wake.

Mstarini Mkuu kanisifu mbele ya shule nzima. Kasema huu ndio ualimu, mtu anajali usalama. Nimeinamisha kichwa kwa unyenyekevu. Nimemwona Bwana Tai akinyoosha tai isiyohitaji kunyooshwa.

Kisha Mkuu kaendelea. Kwa kuwa usalama wa watoto ni amana, kasema, eneo lote la shamba limefungwa kuanzia leo. Uzio, kufuli, ufunguo mfukoni mwake. Hakuna kuingia. Si mwanafunzi, si mwalimu.

Nimemkimbilia. Nikamweleza kwamba miche inahitaji maji kila siku. Kasema maisha yangu yanahitajika zaidi, mimi ni mama wa mtoto mdogo. Kanigusa bega. Alikuwa na huruma ya kweli! Mtu atajiteteaje dhidi ya huruma?

Jumamosi, 8 Machi

Nyumbani. Nimefua. Bosi kaumwa tumbo, kisha hakuumwa, kisha kataka kubebwa na mimi tu na wakati huohuo kunisukuma. Nimembeba mpaka mkono ukafa ganzi, nikimwimbia majina ya vifaa vya shambani. Reki ndiyo anayoipenda.

Nimemweleza Mama mkwe yote huku tukianika. Alicheka mpaka kibanio kikamtoka mdomoni. Halafu kasema niende Jumatatu nimwambie Mkuu ni maji na sabuni, yaishe. Nikamweleza kwamba mambo ya kazini hayaendi hivyo. Kasema sawa, mwanangu, kwa sauti ya mtu anayemwambia mtoto haya panda uone.

Jua kali siku nzima. Sijaacha kufikiria miche yangu. Ina kiu na haiwezi kulia.

Jumatatu, 10 Machi

Haiaminiki! Shule inaumwa!

Imeanza na kijana mmoja wa Kidato cha Pili, kajikuna mkono mstarini. Wa pembeni yake akajikuna. Kufikia kipindi cha pili, darasa zima la upande wa shamba linajikuna. Mmoja kasema macho yanaona mbilimbili na ameomba kwenda nyumbani, na kabla hajajibiwa kashabeba begi. Mwingine kasema ulimi umekufa. Alisema kwa ufasaha mkubwa.

Wanaumwa na sabuni ya mtoto!

Na Bwana Tai! Bwana Tai anakohoa. Kikohozi kikavu, cha mtu msomi. Kamwambia Mkuu kwamba upepo ukivuma kutoka shambani anahisi chuma kooni. Kafunga leso puani na kuendelea kufundisha hivyohivyo. Mkuu kasema huo ndio moyo. Walimu wengine wamemletea maji ya moto. Mimi, mwenye usingizi wa kuhesabika na mgongo wa chaki, hakuna aliyewahi kuniletea hata ya baridi!

Nilikuwa na neno moja tu la kusema, neno fupi, maji. Nimefungua mdomo mara kadhaa. Lakini nikisema, mimi ni mwongo mbele ya shule nzima, siku tatu kabla ya mkaguzi. Nimelimeza.

Hata Mbishi anajikuna. Hilo limeniuma. Nimemkagua mkono. Hakuna kitu. Nimempuliza pale alipopaonyesha, kama ninavyompuliza Bosi akianguka. Kasema pamepoa.

Jumanne, 11 Machi

Nimejaribu kuinywesha miche kupitia kwenye uzio. Kopo, kamba, ufito mrefu. Mkuu kanifuma. Kauliza nafanya nini. Nikasema nasuuza sumu. Sijui neno hilo lilitoka wapi, lakini kalipenda. Kasema kama ni kusuuza, basi lifanyike kitaalamu.

Karudi na koti lake la mvua. Buti za mlinzi. Glovu za maabara. Kofia ya pikipiki ya mpishi, na kioo chake. Nimevishwa vyote, juani, na kufunguliwa kufuli. Nimemwagilia kabichi nikiwa nimevaa kama mtu anayekwenda mwezini. Shule nzima madirishani. Mtu kapiga makofi. Nafahamu sauti ya makofi yale, yalikatizwa na kikohozi.

Lakini nimeiona miche. Imesimama! Karibu yote! Nimelia kidogo ndani ya kofia, kioo kikaingia ukungu, nikakanyaga mmoja.

Alhamisi, 13 Machi

Jioni. Bosi amelala kifuani, naandika kwa mkono mmoja. Kalamu inatoboa karatasi kwa hasira.

Mkaguzi kafika asubuhi. Mama mfupi, viatu vya raba, hana haraka. Kaanza na Bwana Tai. Katoka huko ameridhika. Kaja kwangu, kasoma andalio la somo, kasema vizuri, twende kitaluni.

Kitaluni kuna kufuli. Mkuu kaeleza, kwa fahari, habari ya sumu. Mkaguzi kanigeukia. Kauliza ni dawa gani. Nikataja jina. Nililitunga hapohapo, lilikuwa jina zuri, lina namba mwishoni. Kasema amefundisha dawa za mimea tangu mimi nikiwa tumboni na hajawahi kulisikia. Kauliza kipimo. Kauliza mtu angoje muda gani kabla ya kugusa mmea. Kauliza chupa iko wapi. Wakati huo Kidato cha Kwanza wote wamesimama nyuma yangu, nusu wanajikuna.

Kisha kasema kwa utulivu kwamba sumu isiyojulikana imenyunyiziwa karibu na watoto, na watoto wana dalili. Watoto waende zahanati sasa hivi, wote, na mazoezi yangu yasimamishwe leo.

Nikamwona Mbishi kashikilia mkono wake. Anaogopa. Anaogopa kweli, kwa ajili ya sabuni. Hapo ndipo nilipowageukia watoto, si mkaguzi, nikasema ni maji. Ni maji na sabuni ya mwanangu. Nimewadanganya ili msing'olewe kabichi zenu. Samahani.

Na halafu? Hakuna aliyeamini!

Mkuu kasema mwalimu, usiogope, sema ukweli. Bwana Tai, aliyekuja kutazama, kasema hawezi kukohoa siku nne kwa ajili ya sabuni, yeye si mtoto. Mwenye ulimi uliokufa kasema ni uongo, kwa sauti kubwa. Siku zote hizo nadanganya naaminiwa, siku nikisema kweli nabishiwa! Hivi watu hawa wanataka nini?

Nikaenda stoo. Nikaleta pampu. Mkaguzi kapiga kelele kwamba hakuna mtu anayekunywa kutoka kwenye pampu ya dawa, popote, kamwe. Nikamwonyesha nailoni, bado imening'inia, na karatasi ya dukani. Haikuwahi kuona dawa. Kabla hajamaliza kuikagua nikajimiminia kikombe. Nikanywa chote.

Ladha: maua na majuto. Nilitaka kusema mmeona, likatoka povu. Povu kubwa, la mviringo, likapaa mpaka juu ya kufuli, likapasuka mbele ya uso wa Mkuu.

Waliacha kujikuna. Wote kwa pamoja, kama redio iliyozimwa.

Mbishi kanyoosha kidole. Kauliza kama ilikuwa sabuni, yeye aliwashwa na nini. Nikamwambia aliwashwa na bango langu. Wa nyuma kauliza sumu ya kweli ingefanya nini. Mwingine kauliza mtu atajuaje. Maswali yakamiminika. Nikajibu yote, nikiwa nimekaa juu ya pampu, povu likinitoka kila baada ya sentensi, mpaka kengele ikalia. Hatukuhamisha hata mche mmoja. Bwana Tai kakohoa mara ya mwisho, hakuna aliyegeuka.

Mkaguzi kaniita kando. Kasema hawezi kunipa alama za somo ambalo halikufundishwa, na sarakasi zile alipaswa kunifelisha nazo. Lakini pale niliposema ukweli mbele ya watoto, kisha nikakubali kuulizwa, pale alimwona mwalimu. Atarudi Jumatano ijayo, mara ya mwisho. Nije na yule mwalimu. Nisipokuja naye, nitarudia mwakani.

Mara ya mwisho! Na kwa nini Bwana Tai hakuulizwa kuhusu kikohozi?

Jumatatu, 17 Machi

Bwana Tai kapata alama za juu. Kazibandika ukutani mwa ofisi, juu ya stuli yangu, nizione nikiinua kichwa.

Mama mkwe kasikiliza maneno ya mkaguzi, kayarudia polepole, kisha kasema basi Jumatano niende tu nikafundishe kama nilivyofundisha siku ile ya kwanza. Miche ipo, watoto wapo. Nampenda sana Mama mkwe. Lakini hajasomea ualimu.

Mimi nimeyachambua yale maneno kitaalamu, nikifua nepi. Mkaguzi alipenda nini? Alipenda nilipokiri. Kasema mwenyewe, pale alimwona mwalimu. Basi Jumatano nitakiri tena. Katikati ya somo, sauti ikitetemeka kidogo, nikiwatazama watoto. Nimefanya mazoezi mbele ya Bosi. Bosi kalia, kwa hiyo inafanya kazi.

Tatizo lilikuwa moja tu. Sikuwa na cha kukiri. Tangu Alhamisi nimekuwa mtu mwema, bila kukusudia.

Nimelitatua. Ijumaa mchana, ofisi ikiwa tupu, nimeingia stoo, nimevichomoa vichwa vyote vya majembe ya shule na kuvileta nyumbani ndani ya mfuko wa nepi. Viko chini ya kitanda. Mama mkwe kauliza mbona mfuko unalia kengele, nikasema ni vitu vya Bosi. Jumatano tutafika kitaluni, hakuna majembe, watoto watahuzunika, na mimi nitasonga mbele na kukiri kila kitu. Mkaguzi atafuta machozi. Ni mpango mzuri, na sioni kasoro.

Leo mstarini Mkuu katangaza wizi. Kasema mwizi ni mtu wa ndani, na aliyeonekana Ijumaa akitoka stoo ni Mwalimu wa Hisabati. Bwana Tai anasema alifuata rula ya ubaoni. Hakuna aliyemwamini. Kapewa barua ya kujieleza. Kaondolewa kwenye kiti chake, kapewa stuli yangu.

Hilo sikulipanga kabisa. Nitalirekebisha, bila shaka, mimi si mtu wa kumwonea mwenzangu. Jumatano.

Kiti chake kina mgongo mzuri sana.